Kisanduku cha Karatasi cha Kuwekea Pete

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi vijana mlio bado madarasani, leo nataka kuwaonyesha kazi ya mikono isiyohitaji fedha nyingi, ila yahitaji macho na subira. Ni kukunja karatasi iwe kisanduku cha pete ya uchumba, chenye mfuniko wake, na ndani yake kitako cha kuisimamisha pete wima ili watu waione.

Mwaka huu rafiki yangu niliyesoma naye alikuwa akijitayarisha kwa kwanjula. Wasomaji wa nje ya Uganda wajue kuwa hiyo ni siku ambayo upande wa mwanamume huenda nyumbani kwa kina binti kujulishwa, na kila kinachopelekwa hutazamwa na ukoo mzima. Pete alikuwa nayo, pete nyembamba ya fedha aliyoachiwa na nyanya yake, haina kito wala nakshi. Kisanduku ndicho hakuwa nacho. Alijaribu viwili vya dukani, lakini ufa wake ulikuwa mpana, na pete nyembamba kama ile ilizama isionekane. Basi akaniletea pete ndani ya bahasha ya barua, akasema, “Ndugu yangu, nikiitoa katika bahasha mbele ya wale wazee, watadhani naleta risiti.” Siku zilikuwa zimebaki nne.

Kisanduku nilichochagua ni cha asili ya Japani, nacho huitwa masu. Masu hasa ni kipimo cha mbao cha kupimia mchele, kama sisi tulivyokuwa na kibaba na pishi. Kile kidogo kinachojulikana sana huchukua kama mililita 180. Wakunjaji wa karatasi wameiga umbo lake. Wapendao kazi hii wanapaswa kumjua Akira Yoshizawa, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 2005, ambaye alieneza zile alama za mistari ya nukta na mishale tuzionazo katika michoro ya kukunja. Mimi hapa sina nafasi ya mchoro, kwa hiyo someni huku mmeshika karatasi.

Chukua karatasi mbili za kawaida, zile za milimita 210 kwa 297, lakini ziwe nzito kidogo. Zile nyepesi za gramu 80 hukunjika vizuri ila kuta zake hulegea. Manila nayo hupasuka kwenye mikunjo. Mimi nilitumia ya gramu 120. Karatasi moja ikate iwe mraba wa sentimeta 21 kila upande; hiyo ni ya mfuniko. Ya pili ikate iwe mraba wa sentimeta 20 na nusu. Hiyo ni ya kisanduku chenyewe. Pima kwa rula, wala usikisie, maana mraba uliopotoka hutoa kisanduku kilichopotoka.

Kunja mraba katikati, ufungue. Ukunje tena katikati kwa upande wa pili, ufungue. Umepata msalaba. Sasa zilete pembe zote nne zikutane pale katikati, nawe utakuwa na mraba mdogo zaidi. Mraba huo, leta pande mbili zinazotazamana mpaka mstari wa katikati, pitisha ukucha ili mkunjo ushike, kisha fungua. Fanya vivyo hivyo kwa pande mbili nyingine. Halafu fungua pembe mbili zinazokabiliana, na zile mbili nyingine ziache zimekunjwa. Upande wa kushoto na wa kulia uinue usimame wima. Hizo ni kuta mbili.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kuta mbili zimesimama, na mbele yako kuna ncha ndefu ya karatasi iliyolala. Iinue ncha hiyo polepole, huku vidole vyako vikisukuma pembe mbili za kisanduku ziingie ndani. Usizilazimishe. Ule msalaba wa kwanza ndio unaoziongoza, nazo zitaingia zenyewe. Ncha ikishasimama, ipindue juu ya pembe hizo ishuke ndani, ikalale sakafuni na kugusa katikati. Zunguka, ufanye vile vile kwa ncha ya pili. Hakuna gundi.

Wenye kupenda hesabu wataniuliza kipimo hutoka wapi. Pembe nne zikikutana katikati, upande wa mraba hugawanyika kwa kipeuo cha pili cha 2. Kitako cha kisanduku ni nusu ya huo mraba mpya, na kimo ni nusu ya kitako. Basi gawanya upande wa karatasi kwa 2.83 upate kitako. Sentimeta 21 hutoa mfuniko wa sentimeta 7.4, na 20.5 hutoa kisanduku cha 7.2. Tofauti hiyo ya milimita mbili hivi ndiyo inayofanya mfuniko uteremke bila kukwama.

Sasa kitako cha pete, nacho ndicho roho ya kazi. Hapa manila yafaa, maana mikunjo ni michache na nguvu yatakiwa. Kwanza tafuta mwelekeo wa nyuzi za manila: ipinde kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, upande unaokubali kwa urahisi ndio nyuzi zilikolala. Mikunjo yote ifuate nyuzi, vinginevyo itapasuka. Kata kipande cha upana wa sentimeta 7 na urefu wa sentimeta 12.4. Ukianzia mwisho mmoja, weka alama kwenye 1.5, 5, 6.2, 7.4 na 10.9. Kunja ili pande za mwisho ziwe miguu, zile ndefu ziwe juu, na mbili za katikati zishuke pamoja kama bonde jembamba. Kitie kisandukuni. Kuta zitakibana, na bonde nalo litaibana pete, nusu yake ikizama na nusu ikionekana. Pete ikiwa pana, punguza zile pande za juu milimita moja kila upande.

Nilitaka kulifunika bonde hilo kwa lubugo, ile nguo ya gome la mutuba ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008. Ni laini na hushika pete vizuri. Lakini lubugo huvaliwa pia msibani, kwa hiyo nilimwomba rafiki yangu amwulize senga, yaani shangazi, kwanza. Senga alikataa katakata, akatuletea kitambaa cha rangi ya samli kilichobaki gomesi ilipokuwa ikishonwa. Alikuwa na haki. Nilikibandika kwa uji wa unga wa muhogo, kijiko kimoja cha unga kwa vitano vya maji, uliopikwa mpaka ukang’aa. Upakwe mwembamba, ukauke usiku kucha kabla ya pete kuingia, kwani unyevu huipa fedha madoa.

Rafiki yangu alikuwa aende kwa bodaboda, basi tukakifunga kisanduku na kukitikisa, juu chini, mara thelathini. Pete haikutoka. Senga aliyekuwa akitutazama akasema tukitikise na yeye, na alikitikisa kwa nguvu kuliko sisi.

Mwenye kutaka cha bangili, apime bangili kwanza. Ya kipenyo cha sentimeta 8 yataka kitako cha 9, na 9 mara 2.83 ni kama 25 na nusu. Karatasi ya kawaida haitoshi, atafute ile kubwa ya milimita 297 kwa 420.