Maisha ya Babu na Miaka Yake

Jambo tunalotaka kulieleza leo ni hili: jinsi mtu awezavyo kuijua miaka ya maisha ya babu yake, ijapokuwa babu huyo hakujua kusoma wala hakuandikwa katika daftari lo lote. Wengi hudhani ya kuwa jambo hili haliwezekani. Husema, "Wazee wetu hawakuhesabu miaka." Neno hilo si kweli. Wazee walihesabu sana, ila hawakuhesabu kwa tarakimu. Walihesabu kwa mambo yaliyowapata. Mwaka huu uliitwa wa nzige, ule wa njaa, na ule wa vita. Basi kazi yetu sisi tulio na kalamu ni kuyaweka majina hayo mkabala na tarehe zinazojulikana, tukaona maisha ya mtu yanakaa wapi.

Tutwae mfano wa Ugogo. Tuseme kwamba katika nyumba moja karibu na Dodoma habari za babu zilizosalia ni maneno matano tu. La kwanza, alizaliwa mwaka ng'ombe walipokwisha. La pili, reli ilipofika alikuwa kijana asiyeoa, akapata kazi ya kuchukua mawe. La tatu, alipigana na watu wa Mkwawa. La nne, alichukuliwa upagazi katika vita kuu. La tano, mtoto wake wa kwanza alikufa katika njaa ya Mtunya. Haya, tuyapime moja moja.

Ng'ombe waliokwisha waliuawa na sotoka. Maradhi hayo yalianza pande za Eritrea mwaka 1887, yakashuka kusini. Kufika mwaka 1891 yalikuwa yameenea katika nchi za Afrika ya Mashariki, na mwaka 1896 yakavuka mto Zambezi. Hapa pana fundisho kubwa. Jambo moja halikufika kila mahali katika mwaka mmoja. Mtu wa kaskazini na mtu wa kusini wakisema wote wawili "mwaka wa sotoka," huenda wametengana miaka mitano au zaidi. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, "Jambo hili lilitukia lini?" Yafaa kuuliza, "Lilifika kwenu lini?" Kwa Ugogo twaweza kuandika: alizaliwa yapata mwaka 1891. Neno "yapata" lisiachwe, maana ndilo linalomlinda mwandishi asiseme uwongo.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Ikiwa babu alizaliwa yapata 1891, basi mwaka 1910 alikuwa na umri wa miaka 19 hivi. Huo ndio umri wa kijana asiyeoa. Maneno mawili yaliyotoka vinywani mbalimbali yanakubaliana. Kila moja lamshuhudia mwenziwe.

Lakini neno la tatu halikubali. Mkwawa, Mtwa wa Wahehe, aliwashinda Wadachi Lugalo mwezi wa Agosti 1891; ngome yake ya Kalenga ikatekwa Oktoba 1894; naye akafa Julai 1898. Siku aliyokufa Mkwawa babu yetu alikuwa mtoto wa miaka saba. Mtoto wa miaka saba hachukui mkuki vitani. Je, wazee walidanganya? La. Wahehe na Wagogo walipigana mara nyingi kabla ya Wadachi kuingia bara. Basi yaelekea kwamba aliyepigana ni baba yake babu, na sifa yake ikateremka kwa mwana, kama jina linavyoteremka katika ukoo. Wengine watahuzunika wakiona sifa hiyo imeondolewa kwa babu. Sisi twaona hawakupoteza kitu. Walikuwa na mzee mmoja; sasa wanao wawili.

Neno la nne ndilo lililowagombanisha wajukuu. Mmoja alisema babu aliwachukulia mizigo Wadachi. Mwingine akasema, hasha, aliwachukulia Waingereza. Kila mmoja alimwona mwenzake kuwa anamvunjia babu heshima. Tutazame tarehe. Vita vilianza Agosti 1914, na Dodoma ilikuwa mikononi mwa Wadachi mpaka Julai 1916, ndipo majeshi ya Waingereza yalipoingia. Tabora ilitekwa na Wabelgiji Septemba 1916. Vita vikaendelea kusini, vikavuka Ruvuma Novemba 1917, wala Wadachi hawakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji ambao sasa waitwa Mbala. Basi mtu wa Dodoma mwenye nguvu, wa miaka 25, angeweza kuchukuliwa na hawa kwanza, kisha na hawa. Mizigo ilikuwa ile ile, na mabega yalikuwa yale yale. Wajukuu wote wawili walikuwa na haki, ila kila mmoja alishika nusu ya habari.

Wapagazi wa vita hivyo walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Pale Dar es Salaam ipo Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Afrika. Ni heshima kubwa. Hata hivyo jina la babu halikuandikwa pale. Likiandikwa, litaandikwa na watu wa nyumba yake.

Njaa ya Mtunya ilikuwa kali mno miaka ya 1919 na 1920. Wengi husema ilikuwa njaa ya ukosefu wa mvua. Ni kweli mvua zilikosa. Lakini kabla ya hapo majeshi yote mawili yalikuwa yamekwisha kutwaa ng'ombe na nafaka za watu, na vijana wa kulima walikuwa njiani na mizigo. Tena homa kuu ya mafua ilipita katika nchi mwishoni mwa mwaka 1918. Basi mtoto yule hakufa kwa sababu baba yake alikuwa mvivu, kama watu wengine wa ukoo walivyonong'ona. Alizaliwa katika nyumba iliyokwisha kutolewa kila kitu. Hiyo ndiyo faida ya kuweka maisha ya mtu karibu na mambo ya wakati wake: lawama nyingine huanguka zenyewe.

Sasa twatoa mashauri machache kwa walimu na kwa kila atakaye kuanza.

Kwanza, andika maneno ya mzee kama alivyoyasema, kabla hujapiga hesabu. Pili, usimtie maneno kinywani. Usimwambie, "Je, ilikuwa mwaka 1916?" Muulize, "Wakati ule nani alikuwa amezaliwa? Mlikuwa mkikaa wapi? Mlikula nini?" Tatu, waulize kina bibi na mashangazi pia, maana mama hasahau mtoto gani alizaliwa kabla ya njaa na yupi baada yake. Nne, tafuta maandishi: vitabu vya ubatizo katika misheni za zamani, stakabadhi za kodi, na mafaili ya Nyaraka za Taifa. Tano, usifiche aibu. Akiwa babu alikuwa mtumwa, au aliuza watumwa, au alikuwa askari aliyechoma vijiji, andika hivyo. Ukoo unaochagua mazuri peke yake hauna historia, una nyimbo za sifa.

Wale walioona sotoka na reli ikijengwa wamekwisha kufa wote. Waliobaki ni wachache waliosikia kwa masikio yao kutoka kwa wale walioona, nao ni wazee sana. Akiondoka mmoja, maneno matano huwa mawili, kisha hapana. Basi msomaji, usingoje sikukuu. Chukua daftari, nenda kamwamkie mzee wako, ukae chini, umwulize kwanza juu ya yule mtoto aliyekufa katika njaa, jina lake alikuwa nani.