Kuunganisha Simu na Stirio ya Nyumbani

Muziki uliohifadhiwa ndani ya simu si sauti, bali ni mfululizo wa tarakimu. Katika sahani za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Kabla ya kufika kwenye kikuza sauti, tarakimu hizo sharti zigeuzwe kuwa umeme unaopanda na kushuka. Simu yenye tundu la vipokea sauti vya masikioni, la milimita 3.5, ina kigeuzi hicho tayari. Mwenye nayo hahitaji ila waya wa kuliunganisha tundu hilo na matundu mawili ya stirio, jekundu likiwa la upande wa kulia. Simu isiyo na tundu, kama iPhone 7 ya mwaka 2016, huhitaji kigeuzi kidogo cha nje.

Wengi hukosea nyuma ya kikuza sauti. Tundu lililoandikwa PHONO ni la sindano ya santuri, ambayo hutoa milivolti chache tu; kwa hiyo umeme wake hukuzwa sana, na sauti nzito huongezwa zaidi. Simu hutoa mamia ya milivolti. Ikichomekwa hapo, muziki utakwaruza na kuvuma, na mnunuzi atadhani spika zake ni mbovu. Tumia AUX, au TAPE IN. TAPE OUT hutoa umeme, haipokei.

Bluetooth huondoa usumbufu wa waya, lakini kwa kawaida huzibana tarakimu upya na kupoteza baadhi. Kwa msikilizaji makini, waya wa bei nafuu hutosha.