Kifaa Kinachomaliza Betri: Tujifunze Kubana Umeme kwenye Vihisi vya Visima

Ndugu wanakamati wa sharika pamoja na wafadhili wetu, somo la robo hii linaonekana kuwa la mafundi peke yao, lakini limetugusa sisi sote. Ni juu ya umeme unaotumiwa na vifaa vidogo vya kupima maji.

Kilichotupata

Katika kijiji kimoja kando ya ziwa, mkoani Mwanza, tulifunga kifaa kwenye pampu ya mkono. Kazi yake ni kuhesabu mipigo ya mpini na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu mara moja kwa siku. Tuliahidiwa kwamba betri ingedumu zaidi ya miaka miwili. Iliisha mwezi wa kumi. Wiki chache baadaye pampu nayo iliharibika. Ofisini hatukupata taarifa yoyote, tukadhani kimya maana yake ni salama. Kumbe akina mama walikwisha kurudi kuchota maji ziwani, penye hatari ya kichocho, wakiwa na watoto wao. Kosa la kutafsiri vibaya ule ukimya lilikuwa letu.

Hata hivyo vifaa vya namna hii vina faida. Huko Kyuso, kaunti ya Kitui nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vihisi kwenye mipini ya pampu za mkono katika majaribio ya mwaka 2013. Wastani wa muda wa pampu kukaa bila kutengenezwa ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3. Kwa hiyo hatupaswi kuviacha, bali kuvifahamu.

Hesabu ya betri

Tuchukue mfano wa betri ya miliampea-saa 2,000. Maana yake inaweza kutoa mkondo wa miliampea 1 kwa saa 2,000. Kifaa kinachotumia miliampea 20 bila kupumzika kitaimaliza kwa saa 100, yaani siku nne tu.

Sasa tukilaze kifaa hicho, kiamke kila dakika 15 kwa sekunde moja, kisome, kisha kilale tena kikitumia miliampea 0.01. Wastani unashuka hadi miliampea 0.032 hivi, na kwa siku kinakula miliampea-saa 0.77 tu.

Mlaji mkubwa ni simu iliyo ndani yake. Ikivuta wastani wa miliampea 200 kwa sekunde 30, kila ujumbe unagharimu miliampea-saa 1.67. Tukituma kila saa, betri haifiki miezi miwili. Tukikusanya taarifa na kutuma mara moja kwa siku, jumla ya matumizi ni kama 2.4 kwa siku, na betri inapita miaka miwili. Hiyo ndiyo ahadi tuliyopewa.

Umeme ulivujia wapi?

Fundi alipokifungua alikuta rezista mbili za omu 10,000 kila moja, zilizounganishwa moja kwa moja na betri ya volti 3.7 ili kupima nguvu iliyobaki. Zilikuwa zikivuta miliampea 0.185 usiku na mchana, hata kifaa kilipolala. Kwa siku ni miliampea-saa 4.4, karibu mara mbili ya kazi yote ya kifaa! Haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba ilikimaliza. Jumla ikawa 6.9 kwa siku, na betri ikaisha kwa siku 290 hivi.

Mambo manne ya kuzingatia

1. *Kihisi kiwashwe wakati wa kusoma tu.* Transista moja inaweza kufanya kazi ya mlango: kufungua umeme, kusoma, kisha kufunga. Lakini kihisi kipewe muda wa kutulia. Kihisi cha kina cha maji kikisomwa mapema mno kitatoa namba ya uongo, na namba ya uongo ni mbaya kuliko betri iliyoisha.

2. *Rezista ziwe kubwa.* Zikiwa za omu milioni moja kila moja, uvujaji unapungua mara 100. Kapasita ndogo iongezwe ili usomaji usiyumbe.

3. *Kasi ya kusoma ifuate kinachopimwa.* Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilivuka kiwango cha juu kilichokuwa kimewekwa mwaka 1964, lakini maji yalikuwa yamepanda kwa miezi mingi. Kwa mabadiliko kama hayo, kusoma kila dakika ni kupoteza umeme. Upepo wa dhoruba hubadilika ghafla, nao unahitaji kusomwa mara nyingi zaidi.

4. *Taa za mapambo ziondolewe.* Taa ndogo nyekundu inayovuta miliampea 5 muda wote itamaliza betri hiyo kwa siku 17.

Tena, kifaa kitume salamu kila siku pamoja na hali ya betri, hata kama hakuna jipya. Siku salamu isipofika, mtu aende kijijini. Tangu tulipoweka utaratibu huo, kimya kwetu ni taarifa.

Maswali kwa kamati

- Kabla ya kupokea kifaa, je, tumemwomba fundi apime kwa mita mkondo kinaotumia kikiwa kimelala?
- Nani kati yetu atafuatilia salamu za kila siku, na nani atakwenda zisipofika?
- Je, bajeti tunayowaomba wafadhili ina fedha za betri ya pili, au inaishia siku ya uzinduzi?

Tunaomba majibu yenu yaletwe kwenye kikao kijacho cha miradi ya maji.