Mbona India dripu moja, sisi sindano siku 17?

SWALI: Daktari, mdogo wangu amepatikana na kala-azar. Anadungwa sindano mbili kila siku na tumeambiwa ni siku 17. Jirani anasema India mgonjwa huwekewa dripu mara moja tu akapona. Mbona sisi tuteseke hivi? – Msomaji, Marigat, Baringo.

JIBU: Pole kwa kuuguza. Jirani yako amesema kweli. India, dozi moja ya amfoterisini ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, huponya wagonjwa walio wengi. Lakini dozi moja kama hiyo ilipojaribiwa Ethiopia na Sudan, waliopona hawakutosha, na jaribio likasimamishwa.

Kimelea chenyewe kina jina moja huku na kule, Leishmania donovani, ila ni koo zilizoachana zamani. Utafiti wa mwaka 2020 uliosoma jeni za sampuli 151 kutoka nchi nyingi ulionyesha hivyo. Vimelea vingi vya Bara Hindi vinafanana kama watoto wa tumbo moja. Vyetu vinatofautiana sana. Ndani ya Ethiopia tu, vya kaskazini na vya kusini ni makundi mawili, na hata usubi wanaovieneza si wa aina moja: wa kaskazini hupenda udongo mweusi unaopasuka penye migunga, wa kusini hujificha kwenye vichuguu, sawa na wa kwenu Baringo.

Jeni pekee hazibebi lawama yote, maana kinga na lishe ya mgonjwa pia huchangia. Hata hivyo tofauti hizi zinagusa hadi kipimo. Kile kijikaratasi kinachodondoshewa damu ya kidole kilitengenezwa kwa protini ya kimelea cha Brazil. India kinaaminika zaidi. Hapa kwetu huweza kuonyesha hakuna ugonjwa ilhali upo. Kwa hiyo mtu mwenye homa ya zaidi ya wiki mbili, aliyekonda na wengu umevimba, asirudishwe nyumbani kwa kipimo hicho kimoja.

Kuna nafuu. Ipo tiba nyingine ya siku 14: vidonge vya miltefosini pamoja na sindano moja ya paromomisini kwa siku. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan, yaani dhidi ya vimelea vyetu wenyewe. Mjamzito hapewi miltefosini. Ulizeni kama hospitali yenu inayo.

Kwa sasa mdogo wako amalize siku zote 17, hata homa ikishuka mapema. Moyo ukimwenda mbio au tumbo likimuuma sana, mwambieni muuguzi papo hapo. Na akitokwa na vipele au mabaka usoni miezi kadhaa baada ya kupona, mrudisheni hospitali: vimelea vinaweza kuwa vimebaki ngozini, na usubi akimuuma atavipeleka kwa mwingine.