Chakula Chepesi Juu ya Ziwa Lililoganda

Swali: Ni chakula gani rahisi kwa mtu anayevua samaki juu ya barafu huko Minnesota, Marekani?

Jibu: Uvuvi wa barafuni, yaani kutoboa tundu kwa keekee katika ziwa lililoganda na kuteremsha ndoana humo, humweka mvuvi mahali ambapo vidole hufa ganzi upesi, hivyo kazi ya kukatakata vitunguu na nyama yafaa imalizwe nyumbani. Mchuzi mzito wa maharage na nyama ya kusaga, uliopikwa siku iliyotangulia na kugandishwa katika mfuko unaostahimili joto, huhitaji tu kutumbukizwa katika sufuria ya maji yanayochemka, ambayo baadaye hufaa kunawia mikono.

Kinachowaangusha wengi ni jiko, wala si chakula: butani, gesi ya mikebe midogo, hushindwa kugeuka mvuke joto linaposhuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, ilhali propani huendelea kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Ndani ya kibanda ni lazima hewa ipite, kwa kuwa moto huweza kutoa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu.

Samaki aliyevuliwa papo hapo, hasa perchi mdogo, hupakwa chumvi na unga wa mahindi, kisha hukaangwa katika kikaango cha chuma. Mlaji wa Kisumu angekifurahia chakula hicho, ingawa angeuliza ugali uko wapi.