ELIMU KWA WANANCHI: CHETI CHA KUZALIWA, HAKI YA MTOTO NA WAJIBU WA DOLA

Mtoto aliyezaliwa Ihumwa ana mama, ana ukoo na ana jina. Hata hivyo, kizazi chake kisiposajiliwa, hana cha kuthibitisha umri wake kisheria. Pengo hilo huonekana miaka mingi baadaye: anapoomba kitambulisho cha Taifa au mkopo wa elimu ya juu, au binti anapotakiwa kuthibitisha umri wake mahakamani.

Haki hiyo ina msingi wa kimataifa. Ibara ya 7 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, inaagiza mtoto asajiliwe mara tu azaliwapo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamkabidhi mzazi au mlezi wajibu wa kumsajili.

Kuridhia ni jambo moja, kutekeleza ni jingine. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2012, takribani asilimia 13 tu ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa na vyeti. Ofisi ya usajili ilikuwa wilayani, na mzazi alihitaji nauli, ada na siku nzima ya kazi. Mkataba wenyewe uliona mbali: Ibara ya 45 inatambua kuwa nchi yaweza kuhitaji na kuomba ushauri au msaada wa kitaalamu.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2013, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) ulianza mkoani Mbeya mpango mpya kwa ushirikiano na UNICEF, shirika la VSO na kampuni ya simu ya Tigo, kwa ufadhili wa Serikali ya Kanada. Mpango huo ulienea mkoa hadi mkoa, Dodoma ikiwemo. Usajili ulihamia vituo vya tiba na ofisi za kata, taarifa zikatumwa kwa simu, na cheti cha kwanza kikatolewa bila malipo kwa mtoto wa chini ya miaka mitano.

Wabia walileta utaalamu na vifaa, lakini rejista ni ya Tanzania. Ufadhili una mwisho. Wajibu wa dola hauna.

Mzazi ambaye mtoto wake hana cheti afike kituo cha tiba au ofisi ya kata akiwa na tangazo la kizazi au kadi ya kliniki. Aliyejifungulia nyumbani aanzie kwa Mtendaji wa Mtaa. Majina yahakikiwe kabla ya kuandikwa, kwani kurekebisha cheti huchukua muda mrefu kuliko kukipata.