Kulima Mboga Wakati wa Jua Kali: Somo kwa Anayeanza

Kuanzia Januari hadi mvua za masika zinaposhika mwezi wa Machi, Kisumu hupitia kipindi chake cha joto kali zaidi. Mchana joto hupita nyuzi 30 za Selsiasi mara kwa mara. Huu pia ndio wakati ambapo mboga hupanda bei sokoni, na wakazi wengi huamua kulima zao nyuma ya nyumba. Uamuzi ni mzuri. Shida ni kwamba wengi huanza na sukuma wiki na nyanya, kisha hununua maji kwa mtungi kuokoa mimea isiyopenda joto hili.

Sukuma wiki ni jamaa ya kabichi na hustawi penye baridi. Kwenye jua kali majani yake huwa magumu na machungu, na vidukari huongezeka upesi. Nyanya nazo, joto likikaribia nyuzi 35, chavua yake hudhoofika na maua huanguka bila kufunga tunda. Mkulima mgeni huongeza mbolea, kumbe mmea hauna njaa.

Heri kuanza na mboga za kienyeji. Mchicha, yaani ododo, na saga, ambayo Waluo huiita dek, hutengeneza chakula chao kwa njia ile ile ya mahindi na mtama: hufanya kazi vizuri kwenye joto na hutumia maji kwa uangalifu. Kunde nazo huvumilia ukame na hurutubisha udongo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Maseno hapa hapa kwetu, ametumia miaka mingi kutafiti mboga hizi ambazo zamani zilidharauliwa kama magugu. Mchicha unaweza kung'olewa ukiwa na wiki 3 au 4. Saga ikipata kiu hutoa maua mapema, kwa hiyo maua yachumwe yakiwa machanga ili majani yaendelee. Osuga inapendwa sana mezani, lakini inahitaji maji zaidi. Anayeanza apande kidogo tu.

Kabla ya kulima, hesabu maji. Siku ya jua kali, shamba la mboga hupoteza takribani lita 5 kwa kila mita moja ya mraba. Mtungi wa lita 20 basi unatosha mita 4 za mraba kwa siku. Mwenye mitungi miwili asilime mita 20. Kitanda kidogo kilichotunzwa hulisha familia kuliko kikubwa kilichokauka. Maji ya kuoshea mboga au mchele yanafaa, ila yenye dawa ya kung'arisha nguo yasitumike. Mwagilia alfajiri, kwenye shina, maji yazame. Kunyunyiza juu juu kila jioni huifanya mizizi ibaki karibu na uso wa udongo, na hapo ndipo panapochomeka kwanza. Majani kulegea saa nane mchana si lazima iwe kiu. Chimba kwa kidole: udongo ukiwa na unyevu chini, subiri, yakiwa bado yamelegea asubuhi, mwagilia.

Tandaza nyasi kavu au makapi ya mpunga, ambayo hupatikana kwa wingi Ahero, unene wa vidole vitatu. Gugumaji pia linafaa, mradi likaushwe kabisa mbali na ziwa. Likiwa bichi huweza kuchipuka tena, na mbegu zake zikirudi majini tatizo linaongezeka. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa Kano na Nyando matandazo yana kazi nyingine: huzuia ile mipasuko inayokata mizizi.

Miche ihamishwe jioni, na kwa wiki ya kwanza iwekewe kivuli cha mabua ya mahindi au mafunjo upande wa magharibi, kwa kuwa jua la alasiri ndilo kali. Kitanda kichimbwe chini kidogo ya usawa wa ardhi ili kishike maji. Mvua ikikaribia, kijazwe udongo na samadi kiinuke juu, hasa Nyando na Nyakach ya chini ambako maji hutuama. Mizizi ya saga iliyostahimili Februari yote yaweza kuoza kwa siku chache za Aprili. Afisa wa kilimo wa wadi anaweza kumwonyesha mkazi jinsi ya kuchimba mifereji.